Mwamba Ngoma na Kiwambo cha Kabureta: Istilahi Inapoingia Karakanani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu anayejipendelea katika jambo la shirika. Hata hivyo, kabla ya kuwa methali, kauli hiyo ilikuwa maelezo ya kazi: kuna mzinga uliochongwa, kuna ngozi iliyolowekwa, na kuna fundi anayeivuta ngozi hiyo juu ya mdomo wa mzinga hadi ikazike. Fasihi simulizi iliichukua kazi hiyo ya mikono ikaifanya falsafa. Makala haya yanakusudia kufanya safari ya kurudi, yaani kuitoa methali hiyo darasani na kuirejesha karakanani.

Kifaa kinachochunguzwa ni kiwambo cha kabureta, yaani utando mwembamba wa mpira uliomo ndani ya kabureta za pikipiki nyingi za zamani. Makala yanaeleza kazi ya kiwambo, dalili za kuchakaa kwake, namna ya kukikagua, na namna ya kukitia kiraka au kukibadilisha. Sambamba na hayo, yanajadili majina matatu yanayoweza kutumiwa kukitaja kifaa hicho kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kila jina humvuta fundi upande wake, na kwamba jina lililo angavu kupita mengine yote laweza pia kumpotosha lisipoandamana na somo.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pamoja na hayo, kijana anayejifunza ufundi wa pikipiki chini ya mwembe au kando ya barabara hufunzwa kwa Kiswahili cha mdomo, huku maelezo yaliyochapishwa kuhusu mashine anayoifungua yakiwa kwa kawaida katika Kiingereza. Jambo ambalo hakumwona mwalimu wake akilitenda hana pa kulisoma. Akikosea kwa sababu ya neno, hasara huwa ya mteja, na jina baya huwa lake.

Kazi ya Kiwambo

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika silinda. Kwa madhumuni ya mjadala huu, kabureta za pikipiki zaweza kugawanywa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, waya utokao kwenye kishikio cha mafuta huingia juu ya kabureta na kuiinua slaidi moja kwa moja. Slaidi ni kile kipande kinachopanda na kushuka katika koo la kabureta, kikiwa kimebeba sindano ya kupimia petroli. Kabureta ya aina hii haina kiwambo cha slaidi, na anayekitafuta atapoteza wakati.

Katika kundi la pili, waya hauigusi slaidi. Huzungusha kipepeo, yaani bamba la mviringo lililo kooni, upande wa injini. Slaidi hupanda yenyewe kwa tofauti ya mgandamizo wa hewa. Fundi aweza kulitambua kundi hili bila kufungua kitu: waya huishia kwenye mkono mdogo ulio ubavuni mwa kabureta, na juu yake kuna kifuniko kipana cha mviringo. Chini ya kifuniko hicho ndimo kilimo kiwambo. Miongoni mwa pikipiki za zamani zilizotumia kabureta za kundi hili ni Honda CB350 iliyotokea mwaka 1968 na BMW R75/5 ya mwaka 1969 iliyofungwa kabureta za Bing.

Inafaa kutaja kwamba wazo lenyewe ni kongwe kuliko mpira huo. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, George Herbert Skinner wa Uingereza, ambaye ukoo wake ulikuwa katika biashara ya viatu, alibuni kabureta ya SU iliyofanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Kabureta zake za mwanzo zilitumia mvukuto wa ngozi, na baadaye mvukuto huo ukabadilishwa na pistoni ya chuma. Kwa hiyo, fundi anayelinganisha kiwambo cha kabureta na ngozi ya ngoma au mvukuto wa mhunzi hasemi mzaha. Ngozi iliwahi kuwamo humo.

Utendaji wake ni kama ifuatavyo. Kiwambo hugawa nafasi iliyo chini ya kifuniko kuwa vyumba viwili. Chumba cha chini hupokea hewa ya kawaida kutoka nje. Chumba cha juu huwasiliana na koo la kabureta kupitia tundu dogo lililo chini ya slaidi. Dereva anapofungua kipepeo, hewa nyingi zaidi hupita kooni kwa kasi, na mgandamizo wa hapo hupungua. Upungufu huo hufika katika chumba cha juu kupitia lile tundu. Hapo hewa ya chumba cha chini, ambayo sasa ina mgandamizo mkubwa kuliko ya juu, hukisukuma kiwambo, nacho huiinua slaidi pamoja na sindano. Injini ikipungua mahitaji, springi na uzito wa slaidi huirejesha chini.

Msomaji atambue kwamba kitenzi kilichotumika hapa ni kusukuma. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba injini huvuta hewa, na kauli hiyo inatosha kwa mambo mengi. Lakini kwa anayetaka kukielewa kiwambo, kauli hiyo huficha jambo la msingi. Kiwambo hupanda kwa sababu kuna hewa inayokisukuma kutoka chini na kwa sababu hewa hiyo haina njia ya kupenya kwenda juu. Ikipata njia, hata ya upana wa tundu la sindano, vyumba viwili huanza kulingana mgandamizo, na msukumo hupungua.

Dalili za Kuchakaa

Mpira huzeeka. Joto la injini, mvuke wa petroli, na miaka mingi ya kukunjuka na kukunjika huufanya ukakamae, upasuke kwenye mikunjo, au utoboke vitundu visivyoonekana kwa mtazamo wa haraka. Dalili yake kuu huwachanganya wengi: pikipiki huwaka vizuri na kunguruma kwa utulivu ikiwa imesimama, lakini ikitakiwa kupanda mlima au kuongeza mwendo hukosa nguvu. Sababu ni kwamba petroli ya mngurumo wa chini hupita katika njia nyingine isiyotegemea slaidi. Slaidi inapohitajika kupanda, haipandi, au hupanda nusu.

Katika injini ya silinda mbili zenye kabureta mbili, kiwambo kimoja kikitoboka, silinda moja hubaki nyuma ya nyingine, na injini hutetemeka mwendo unapoongezeka.

Hata hivyo, dalili peke yake si ushahidi. Jeti kuu iliyoziba, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au slaidi iliyokwama kwa uchafu huweza kuleta malalamiko yale yale. Fundi anayenunua kiwambo kipya kwa kusikiliza mngurumo tu anacheza bahati nasibu kwa fedha za mteja.

Ukaguzi

Kazi huanza kwa kufunga bomba la petroli na kuhakikisha kwamba hakuna moto wala sigara karibu. Pale ambapo slaidi hufikika, kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya kufungua kifuniko. Slaidi huinuliwa kwa kidole hadi juu. Kisha tundu linalopeleka hewa kwenye chumba cha chini huzibwa kwa kidole, na slaidi huachiliwa. Kiwambo kikiwa kizima, hewa iliyofungiwa chini yake huizuia slaidi isishuke kwa ghafla. Kikiwa kimetoboka, slaidi huanguka mara moja. Slaidi ikikataa kupanda au ikikwaruza, tatizo huenda ni uchafu wala si mpira.

Kipimo cha pili huhitaji kufungua. Skrubu za kifuniko ni laini, na katika pikipiki za Kijapani msalaba wake haulingani barabara na bisibisi ya kawaida ya Phillips. Bisibisi isiyokaa sawasawa huula msalaba huo, na kazi ya dakika chache ikawa ya siku nzima. Kifuniko hushikwa kwa mkono skrubu ya mwisho inapotolewa, kwa kuwa chini yake kuna springi. Iwapo ukingo wa kiwambo umegandia kwenye mfuo wake, hubanduliwa taratibu kuuzunguka wote. Hauvutwi kwa nguvu kutoka upande mmoja.

Slaidi ikishatolewa, kiwambo huinuliwa kuelekea mwanga wa jua na mikunjo yake hufunguliwa kidogo kidogo kwa vidole. Vitundu huonekana kama nyota. Sehemu za kuangaliwa zaidi ni mkunjo wa nje, mahali mpira unaposhikana na slaidi, na ukingo mnene unaokaa katika mfuo. Aidha, sindano isipindwe, na slaidi isiwekwe mahali inapoweza kukwaruzika.

Kiraka au Kiwambo Kipya?

Swali hili ndilo lenye uzito zaidi kwa fundi wa kawaida, kwa kuwa kiwambo kipya cha pikipiki ya zamani huenda kisipatikane katika duka la karibu. Rai ya kwanza huwa ni kiraka cha tyubu. Rai hiyo haifai kwa sababu mbili. Kwanza, mpira wa tyubu haukutengenezwa kustahimili petroli, na ukikutana na mvuke wake huvimba na kulegea. Mpira ufaao ni wa aina inayostahimili mafuta, kwa mfano ule uitwao nitrili. Pili, kiraka kinene hukifanya kiwambo kiwe kigumu upande mmoja, na slaidi hupanda kwa kusitasita.

Gundi za kukauka haraka nazo hukakamaa na kupasuka mpira unapokunjika. Silikoni ya kawaida hulegezwa na petroli. Kinachoweza kusaidia kwa muda ni tabaka jembamba sana la gundi nyumbufu inayostahimili petroli, ikipakwa juu ya kitundu kidogo kilichosafishwa na kukauka, kisha ikaachwa ikauke kabisa. Hata hapo, mteja hana budi kuambiwa waziwazi kwamba hiyo ni dawa ya kumfikisha nyumbani, si tiba. Mpasuko kwenye mkunjo hauna kiraka.

Katika kubadilisha, kuna tofauti ya kimuundo ambayo yafaa ijulikane mapema. Katika kabureta za Bing zilizotajwa, kiwambo hushikizwa kwenye slaidi kwa pete na skrubu ndogo nne, na hivyo huweza kununuliwa na kubadilishwa peke yake. Katika kabureta nyingi za Kijapani, kiwambo na slaidi huunganishwa kiwandani na kuuzwa pamoja, jambo linaloongeza gharama. Kwa baadhi ya pikipiki, watengenezaji wengine huuza mpira peke yake ili uunganishwe na slaidi ya zamani. Iwapo kabureta ni mbili, ni busara kubadilisha viwambo vyote viwili, kwa sababu vimezeeka pamoja.

Yapo makosa mawili ya usafi yanayoharibu kiwambo kizima. La kwanza ni kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kabla ya kuutoa mpira. Dawa hiyo huuvimbisha. La pili ni kuukata kwa makasi ukingo uliovimba ili uingie katika mfuo wake. Mara nyingi mpira uliovimba ukiachwa mahali penye hewa usiku mmoja au zaidi hunywea na kurudi katika kimo chake. Makasi hayarudishi kitu.

Kurejesha hufuata utaratibu huu:

1. Mfuo wa ukingo husafishwa na kukaushwa.
2. Slaidi huingizwa kooni huku sindano ikielekezwa katika tundu lake.
3. Ulimi mdogo wa kiwambo, iwapo upo, huwekwa katika pengo lake, ili kisikae kombo.
4. Slaidi huinuliwa kidogo kwa kidole kutoka chini ili mikunjo ilegee, na ukingo hulazwa katika mfuo kuzunguka kote.
5. Springi husimamishwa wima, kifuniko hurudishwa bila kuubana mpira, na skrubu hukazwa kwa zamu, moja na ile inayoikabili.
6. Slaidi huinuliwa na kuachiliwa tena. Ikipanda kwa ulaini na kushuka bila kukwama, kazi imekamilika.

Majina Matatu na Mivuto Yake

Baada ya kukieleza kifaa, sasa yawezekana kuyapima majina yake. Wanafunzi wa isimu wanavijua vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi kwa ajili ya kutathmini istilahi. Vitatu kati ya vigezo hivyo vinatosha hapa: umataifa, uzalishaji na uangavu.

Jina la kwanza ni diaframu. Lina sifa ya umataifa, na anayelijua aweza kuagiza kifaa kutoka ng'ambo bila mkanganyiko. Lakini kwa mwanagenzi wa karakana jina hili ni kama jiwe lililofungwa: halimwambii chochote kuhusu umbo wala kazi ya kifaa.

Jina la pili ni raba, ambalo humjia fundi upesi kwa kuwa linataja kile anachokishika. Ni fupi na linakubalika. Kasoro yake ni kwamba hutaja mata pekee. Fundi aliyeambiwa kwamba raba imetoboka hutafuta raba nyingine, na iliyo karibu ni tyubu. Jina limemvuta kuelekea kiraka kisichofaa.

Jina la tatu ni kiwambo. Limetokana na kitenzi kuwamba, ambacho Waswahili wamekitumia tangu jadi kwa ngozi ya ngoma na kamba za kitanda. Uwezo wake wa kuzalisha umekwisha kudhihirika: wanabiolojia wanalitumia kwa msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kutokana nalo limepatikana neno kiwamboute. Katika pikipiki pia huzaa bila taabu: kiwambo cha slaidi, kiwambo cha bomba la petroli, kiwambo cha pampu. Bomba la petroli katika baadhi ya pikipiki lina utando wake, na ukipasuka petroli hupenya hadi kwenye injini kupitia mrija wa hewa. Fundi anayeambiwa tu kwamba kiwambo kimetoboka ana haki ya kuuliza ni kipi.

Kwa kigezo cha uangavu, basi, kiwambo hushinda. Lakini hapa ndipo methali inapouma. Kinachowambwa hukazwa. Ngozi ya ngoma isiyokazika hailii, na kitanda kilicholegea hakilaliki. Kiwambo cha slaidi ni kinyume chake: uhai wake umo katika ulegevu wa mikunjo. Mwanagenzi anayeufuata uangavu wa jina hadi mwisho atauvuta mpira ukazike kabla ya kufunga kifuniko, naye atakuwa ameifungia slaidi isipande. Ngozi ameivutia kwake, na pikipiki haina nguvu kama ilivyoletwa.

Je, kasoro hiyo inatosha kulikataa jina? La hasha. Hakuna istilahi inayobeba somo zima mgongoni. Hata neno kipepeo halimaanishi kwamba bamba lile huruka. Linalopasa kufanywa ni kuliandamanisha jina na maelezo yanayoonyesha mahali ulinganishi unapokoma. Sentensi moja ingetosha katika mwongozo wowote: kiwambo hiki hulazwa, hakikazwi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kiwambo cha kabureta hufanya kazi kwa kuitenga hewa ya chini na ya juu, kwamba kitundu kidogo hutosha kuivuruga kazi hiyo, na kwamba ukaguzi wa kidole na mwanga wa jua humwepusha fundi na ununuzi wa kubahatisha. Vilevile yamependekeza kwamba neno kiwambo lichukuliwe kuwa istilahi ya msingi, diaframu litumike katika kuagiza vipuri, na raba libaki kuwa jina la mata.

Zaidi ya hayo, limo funzo kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili. Mijadala ya istilahi huishia mara nyingi kwenye orodha za maneno, na orodha hiyo hupimwa na wataalamu wa lugha peke yao. Kipimo hicho hakitoshi. Tafsiri ya mwongozo wa kiufundi yafaa isomwe kwa sauti mbele ya fundi mwenye bisibisi mkononi, na mfasiri akae kimya. Pale fundi anaposita, sentensi irekebishwe. Pale anapoukaza mpira, iongezwe ile sentensi iliyokosekana.

Mwamba ngoma ataendelea kuvutia kwake, awe mwanaisimu, fundi au mwagizaji wa vipuri. Lakini ngoma hukaza sawasawa pale tu ngozi inapovutwa kutoka pande zote, na kiwambo hukaa sawasawa pale tu kinapolazwa bila kuvutwa na yeyote. Mwenye kuzijua kazi hizo mbili, na tofauti yake, ndiye aliye tayari kuuandika mwongozo.